Kuku wachanga wanapokataliwa bandani: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Wafugaji wengi wa nyumbani katika miji ya Tanzania na Kenya siku hizi hawaanzi na kifaranga wa siku moja. Hununua kuku chotara wa mwezi mmoja, wa aina ya Sasso au Kuroiler, ambao wamekwisha kulelewa kwenye joto la bruda, yaani chumba chenye joto cha kulelea vifaranga, na kupata chanjo za mwanzo, kisha huwafungulia katika ua ambamo makoo wanane au kumi wa kienyeji wamezoeana kwa muda mrefu. Malalamiko yanayofuata hufanana kiasi cha kuweza kutabiriwa: wakubwa wanawadonoa wadogo hadi damu, wadogo wanakonda ilhali chakula kimejaa, jioni hawaingii bandani, na baada ya siku chache mmoja wao anaanza kukoroma.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili hizo. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia, na ukaguzi usiohitaji fedha wala dawa huja kabla ya marekebisho makubwa. Katika wiki za mwanzo ugomvi na ugonjwa huingia bandani kwa mlango mmoja, na mfugaji hushughulikia ugomvi peke yake kwa kuwa ndio wenye kelele. Koo mkorofi anaweza kuua kuku mmoja au wawili. Kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku, kinaweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache.

Yaliyo ya kawaida, yasiyohitaji kurekebishwa

Kuku huishi kwa vyeo, na kila anayeingia lazima apate cheo chake. Koo mwenyeji akimdonoa mgeni kichwani mara moja au mbili, mgeni akainama na kusogea, kisha koo akarudi kula, hapo hakuna tatizo. Hayo ndiyo maamkuzi yao. Kufukuzana hatua chache, na hata kurukiana vifua kwa muda mfupi baina ya kuku wanaolingana, ni mambo ya kutarajiwa kwa wiki moja hadi mbili. Kuingilia kati kila mara huwachelewesha, kwa sababu cheo kilichokaribia kupatikana hukatizwa na kugombewa upya kesho yake.

Kinachopaswa kumtia mfugaji wasiwasi ni kingine: damu, hata iwe tone moja, koo anayemfuata mdogo ua mzima badala ya kumwacha anapokimbia, wakubwa wawili au watatu wanaomvamia mmoja kwa pamoja, na mdogo anayesimama pembeni akiwa ameficha kichwa, asiyethubutu kusogelea chakula.

Dalili: wadogo wanadonolewa hadi kutoka damu

Kabla ya kutafuta sababu, mtoe aliyejeruhiwa papo hapo. Kuku huvutwa na rangi nyekundu, na jeraha dogo kichwani au mkiani litadonolewa na kila apitaye, wakiwamo wadogo wenzake aliokuja nao. Lioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, pulizia dawa ya vidonda vya mifugo, na umweke mahali anapowaona wenzake bila kufikiwa nao. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya watu huipaka kwa kudhani kwamba ladha yake itawafukuza wadonoaji, huunguza ngozi na humezwa na kuku anapojisafisha manyoya, isitumike kabisa.

Kisababishi cha kwanza, na kinachozidi vingine vyote kwa mbali, ni haraka. Wageni walifunguliwa miongoni mwa wenyeji siku ile ile waliyofika, na wenyeji waliwapokea kama wavamizi wa eneo lao. Hapa hakuna dawa isipokuwa kurudi nyuma na kuanza upya kwa wavu, kama itakavyoelezwa chini kidogo.

Kisababishi cha pili ni ufinyu. Banda linalowatosha kuku kulala si lazima liwatoshe kupatana mchana, wakati kila mdogo anahitaji pa kukimbilia. Simama mahali usipowatisha, kwa robo saa hivi, na utazame mdogo anayefukuzwa anaishia wapi. Akiishia kwenye kona au kwenye mlango uliofungwa, kosa ni la ua na wala si la koo. Egemeza ubao au bati kuukuu ukutani, pindua kreti mbili za soda, weka gogo au matawi yenye majani, ili mdogo apate kutoweka machoni pa anayemfuata, kwani mara nyingi kuku huacha kufukuza pindi asipomwona tena anayemfukuza. Kila kificho kiwe na njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea, la sivyo utakuwa umejenga mtego.

Kisababishi cha tatu ni idadi. Mdogo mmoja akiingizwa kwa makoo kumi, uchokozi wote wa kundi humwangukia yeye peke yake; wakiingia wanne au watano kwa pamoja, uchokozi huo hugawanyika na hakuna anayebeba mzigo mzima. Kuongeza kuku mmoja mmoja kila anapopatikana sokoni ni njia mbaya kuliko zote, kwa sababu kila anayekuja huvuruga vyeo upya, na kila mmoja anaweza kuja na ugonjwa wake.

Kisababishi cha nne ni tofauti ya umri, na hapa ndipo chotara huwapotosha wengi. Kuroiler wa miezi miwili huweza kumkaribia koo wa kienyeji kwa umbo, mfugaji akadhani wanalingana, kumbe yule bado ni mtoto: analia kama kifaranga, hajui kujihami, na hajui kuinama kwa wakati ili aachwe. Ukiweza kusubiri hadi wiki ya 10 au ya 12, subiri. Wa mwezi mmoja wasichanganywe na wakubwa hata kidogo, isipokuwa kama wamefika na mama yao mwenyewe, jambo ambalo kwa chotara wa bruda halitokei.

Visababishi vinavyosalia hupatikana kwa nadra zaidi, lakini vinafaa kukaguliwa iwapo hivyo vinne havipo. Chakula kilichochanganywa nyumbani kwa pumba nyingi na dagaa kidogo hupungukiwa na protini, pengine na chumvi pia, na kuku wa namna hiyo hutafutana manyoya. Joto la banda la bati lisilo na madirisha, na taa inayowaka usiku kucha, huwafanya wawe wakali. Wadudu nao huharibu manyoya na kuacha ngozi wazi: chawa huonekana mchana ukifunua manyoya karibu na sehemu ya haja na chini ya mbawa, lakini utitiri mwekundu hushinda katika nyufa za mbao na kutoka usiku, kwa hiyo humulikwa kwa tochi baada ya giza, kwenye fito na pembe za banda.

Marekebisho ya kina ni kuwatenganisha kwa wavu. Gawanya sehemu ya banda au ya ua kwa wavu wa kuku, wadogo wakae upande mmoja na wakubwa upande wa pili, na uweke vyombo vya chakula vya pande zote mbili karibu na wavu ili wazoee kula huku wakitazamana. Waache hivyo kwa siku 7 hadi 14. Wakubwa wanapoacha kuukimbilia wavu na kuudonoa, wafungulie wadogo saa moja kabla ya jua kuzama, nje uani na wala si ndani ya banda, ukiwa umemwaga mtama au mchele wa kuvunjika kwa kuutawanya eneo kubwa. Jioni kila kundi lirudi kwake. Ongeza muda kila siku, na utakapopita mchana mzima bila damu, wavu unaweza kuondolewa.

Mkosaji akiwa mmoja na anajulikana, mtoe yeye, usimtoe mdogo. Koo aliyetengwa siku tatu hadi tano mahali asipowaona wenzake hurudi akiwa na cheo cha mgeni, na anakuwa na shughuli nyingine ya kufanya kuliko kuwaandama watoto. Ukimtoa mdogo badala yake, yule mkorofi hubaki na ushindi wake, na mdogo atarudishwa akiwa mgeni kwa mara ya pili.

Usikate midomo ya kuku nyumbani kwa kisu au kwa wembe wa moto. Mdomo una mishipa ya damu na ya fahamu, na aliyekatwa vibaya hushindwa kula. Mwite daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata ikiwa nyama imefunuka kwa upana unaozidi sarafu, ikiwa jicho limedonolewa, ikiwa sehemu ya haja imetokeza nje na kudonolewa, au ikiwa funza wameonekana kwenye kidonda. Katika hali hizo kungoja hadi kesho hugeuza matibabu kuwa uchinjaji, na nyama ya kuku mwenye kidonda kilichooza haifai kuliwa.

Dalili: wadogo wanakonda ingawa chakula kipo

Anza kwa mkono wako usiku, kuku wakiwa wamelala. Shika gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini, kuku amekula. Likiwa tupu wakati wa kulala, hakula. Kisha pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukiuhisi kama makali ya kisu bila nyama pembeni, kudhoofika kumeanza siku nyingi. Mizani ya jikoni ikitumika mara moja kwa wiki, kwa kuku wale wale, itakuonyesha mapema zaidi kuliko jicho.

Gole tupu maana yake, karibu kila mara, ni kuzuiwa. Koo mmoja akisimama kwenye chombo pekee cha chakula, hahitaji kudonoa; kumtazama mdogo tu kunatosha. Weka vyombo viwili au vitatu, na uvitenganishe kwa namna ambayo anayesimama kwenye kimoja havioni vingine, kwa mfano kimoja nyuma ya banda na kingine mbele. Maji vilevile, na hili husahaulika: mdogo anayezuiwa maji huacha kula hata chakula kikiwa mbele yake, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hali yake huharibika ndani ya siku moja.

Dawa bora ya tatizo hili ni kizimba chenye upenyo, yaani eneo dogo lililozungushiwa wavu au mbao, lenye nafasi ambayo mdogo anapita na koo hapiti. Anza na upana wa sentimita 10 hivi, ukiupimia kwa mdogo aliye mkubwa kuliko wenzake, kisha upanue kadiri wanavyokua. Ndani weka chakula na maji yao. Kizimba hicho huwalisha, huwa kimbilio lao wanapofukuzwa, na huwawezesha kula chakula cha umri wao, jambo ambalo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Chakula cha kuku wanaotaga huwa na kalisi ya kati ya asilimia 3.5 na 4, ilhali mtetea ambaye hajaanza kutaga huhitaji takriban asilimia 1 tu. Mdogo anayekula chakula cha watagaji kwa wiki nyingi huharibika figo, na madhara hayo huonekana baadaye kama vifo visivyo na maelezo. Ikiwa huwezi kuwatenganisha wakati wa kula, wape wote chakula cha kukuzia, kisha uwawekee makoo kalisi katika chombo cha peke yake: chokaa ya mifugo, makombe ya baharini yaliyosagwa, au maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kupondwa. Koo anayehitaji atakula, na mdogo asiyehitaji ataonja na kuondoka.

Gole likiwa limejaa na kuku bado anakonda, sababu si ugomvi tena. Minyoo ndiyo ya kwanza kufikiriwa, hasa kwa wadogo waliotoka kwenye sakafu safi ya bruda na kuingia ua uliotumiwa na kuku kwa miaka. Wape dawa ya minyoo makundi yote mawili kwa wakati mmoja, kwa kipimo kinacholingana na uzito, na uulize muuzaji idadi ya siku ambazo mayai na nyama havitaliwa. Jambo la pili la kufikiria ni kuhara damu, ambako kunaelezwa baadaye.

Dalili: jioni hawaingii bandani, au wanalala kwenye viota

Tatizo hili huonekana la uchokozi na mara nyingi silo. Kuku aliyelelewa sakafuni hajui fito ni kitu gani, na aliyehamishiwa mahali papya hajui kwamba pale ndipo kwake. Mfungie ndani ya sehemu yake ya kulala kwa siku tatu hadi saba kabla ya kumfungulia uani, na jioni za mwanzo umbebe mwenyewe baada ya giza na kumpandisha kwenye ufito.

Baada ya hapo angalia mlango. Koo mwenye cheo hupenda kusimama karibu na mlango wa banda saa za magharibi, akidonoa kila anayeingia. Tundu la pili upande mwingine humaliza jambo hilo. Kisha angalia fito: kila kuku mkubwa anahitaji sentimita 20 hivi za kulalia, na fito zikiwa za kimo kimoja wenyeji hushika zote. Weka ufito wa chini, usiozidi nusu mita kutoka sakafuni, mbali na ule wa juu ili kinyesi kisiwaangukie walio chini. Viota vizibwe kwa gunia saa za jioni na kufunguliwa alfajiri, kwa sababu mdogo akizoea kulala humo atavijaza kinyesi, na makoo watahamia vichakani kutaga.

Ikiwa hata wenyeji wameanza kukataa kuingia, usiwalaumu wageni. Mulika nyufa usiku. Utitiri ukijaa bandani huwatoa kuku wote.

Kuna imani iliyoenea kwamba wageni wakiingizwa usiku wenyeji wataamka asubuhi wakidhani walikuwapo tangu zamani. Kuku si wajinga kiasi hicho. Kuingiza usiku hupunguza fujo za saa ya kwanza na huwapa wadogo mahali pa kulala bila kugombea, lakini kunafaa tu baada ya wiki ya wavu, na mfugaji anapaswa kuwapo alfajiri kufungua mlango, kwa kuwa ndani ya banda lililofungwa hakuna pa kukimbilia.

Dalili: kukoroma, kupiga chafya, uso kuvimba

Chuchumaa bandani mpaka kichwa chako kiwe kwenye kimo cha kuku, asubuhi kabla ya kufungua. Macho yakikuwasha, hewa ina amonia ya kinyesi, na maranda yanapaswa kutolewa na madirisha kuongezwa kabla ya kununua dawa yoyote. Vumbi la chakula kilichosagwa laini mno pia huwafanya wapige chafya, lakini kuku huyo hubaki mchangamfu na mwenye hamu ya kula.

Uso uliovimba upande mmoja au wote, kamasi yenye harufu mbaya na macho yanayogandana huelekeza kwenye mafua ya kuku, ambayo huletwa na bakteria na huonekana siku moja hadi tatu tu baada ya kukutana na mbebaji. Wafugaji huona mdogo ameugua na kudhani yeye ndiye aliyeleta. Mara nyingi ni kinyume: kuku aliyewahi kupona mafua hubaki na vijidudu bila dalili, na koo wa miaka miwili anayeonekana mzima ndiye anayewaambukiza wageni ambao hawajawahi kukutana navyo. Kukoroma kwa muda mrefu bila uvimbe mkubwa huweza kuwa ugonjwa sugu wa njia ya hewa, ambao nao hutulia na kurudi kila kuku wanaposumbuliwa, na hakuna usumbufu mkubwa kwao kuliko kuchanganywa.

Vinundu vigumu kwenye upanga, masikio na pembeni mwa mdomo ni ndui, inayoenezwa na mbu na kwa kudonoana. Hapa wanunuzi wa kuku wa mwezi mmoja wanahitaji kuwa waangalifu. Kwa kawaida wakati wa kuuzwa wamepata chanjo za kideri na gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku wachanga), lakini chanjo ya ndui hutolewa baadaye, hivyo huachiwa mnunuzi. Muulize muuzaji chanjo zipi zimetolewa na tarehe zake, na uziandike.

Usinunue dawa ya kuua bakteria kwa kukisia, wala usitumie nusu ya dozi iliyobaki kutoka ugonjwa uliopita. Wenye dalili watengwe, kuchanganya kusitishwe, na afisa mifugo aitwe ikiwa kuku wawili au zaidi wameathirika, au ikiwa yeyote anapumua kwa kupanua mdomo.

Kinachozuia mengi ya haya ni karantini, na wavu ulioelezwa juu si karantini. Wavu huzuia midomo. Hauzuii hewa, vumbi, inzi wala maji ya kinyesi. Wageni wakae mbali na wenyeji, upande mwingine wa kiwanja au hata kwa jirani asiyefuga, kwa wiki mbili kwa uchache, na nne ikiwezekana. Wahudumie wenyeji kwanza na wageni mwisho, kwa viatu na ndoo tofauti. Katika wiki ya mwisho, mfugaji makini humchukua mwenyeji mmoja asiyemthamini sana na kumweka pamoja na wageni: ikiwa upande wowote umebeba ugonjwa uliojificha, mara nyingi utajitokeza kwa hao wachache kabla haujafika kwa kundi zima.

Dalili: wamejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu

Kwa kuku wa wiki tatu hadi nane, jibu la kwanza ni kuhara damu, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo ambao makoo wanao kwa kiasi kidogo bila kuugua, kwa sababu wamejenga kinga. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, huiva kwenye maranda yaliyolowa kwa siku moja au mbili tu, na mdogo huyameza anapodonoa sakafu. Ndiyo maana tatizo hili hufuata mvua na vyombo vya maji vinavyomwagika.

Gusa maranda chini na kuzunguka chombo cha maji. Yakishikamana mkononi, yatoe yote, weka makavu, na uinue chombo hadi kimo cha mgongo wa kuku. Wadogo warudishwe kwenye sakafu kavu peke yao na kupewa dawa ya kuhara damu katika maji, mathalani yenye amproliamu, kwa siku na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, bila maji mengine ya kunywa. Ugonjwa huu unatibika ukiwahiwa siku ya kwanza. Usipoona nafuu ndani ya siku mbili, au wakianza kufa, peleka sampuli kwa mtaalamu, kwa maana magonjwa mengine ya utumbo hufanana nao.

Dalili: vifo vya haraka, kinyesi cha kijani, shingo kupinda

Hapa acha kurekebisha. Kuku wanaoshusha mbawa, kuhara kijani, kupumua kwa shida, kupinda shingo au kuzunguka, na kufa kadhaa kwa siku, wakubwa kwa wadogo, wachukuliwe kuwa na kideri mpaka ithibitike vinginevyo. Hakina tiba. Kumchanja kuku aliyekwisha kuugua hakumponyi.

Funga ua, usiuze, usichinje kwa haraka ili kuokoa nyama, na usimpe mtu zawadi ya kuku anayeonekana bado mzima. Njia hiyo ndiyo inayokisambaza mtaa hadi mtaa. Mwarifu afisa mifugo siku hiyo hiyo. Mzoga mpya uliofungwa katika mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa kwenye barafu bila kugandishwa unaweza kupelekwa maabara: kwa Tanzania ni Wakala wa Maabara ya Veterinari, yenye makao Temeke na maabara za kanda, na kwa Kenya ni maabara kuu ya mifugo iliyopo Kabete. Mizoga mingine ichomwe au izikwe kwa kina ambacho mbwa hawafukui. Nawa mikono kwa sabuni na usijiguse macho, kwani virusi vya kideri huweza kumfanya mtu macho mekundu kwa siku chache.

Kinga ni nafuu mno ukiilinganisha. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingi, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanjwe wageni na wenyeji, wote, na zipite angalau wiki mbili kabla ya kukutanishwa ili kinga ijengeke. Kumchanja mgeni peke yake kwa kudhani kwamba wa kienyeji wana kinga ya asili ni kosa linalorudiwa kila msimu.

Dalili: makoo wameacha kutaga

Makoo waliosumbuliwa na ujio wa wageni hupunguza mayai kwa wiki moja hadi tatu, nao hurudi wenyewe. Kabla ya kukubali maelezo hayo, tafuta mayai vichakani, hakikisha viota havijatekwa na wadogo, na utazame manyoya: koo anayepukutika hatagi kwa sababu yake mwenyewe. Mayai yenye ganda laini baada ya wote kuhamishiwa chakula cha kukuzia yanaonyesha kwamba chombo cha kalisi ni kitupu au hakifikiki.

Dalili: jogoo na mapora hawapatani

Kundi la wadogo walionunuliwa bila kuchaguliwa jinsia huwa na mapora wengi, yaani majogoo wachanga, na wanapofika miezi minne au mitano amani iliyopatikana kwa taabu huvunjika. Jogoo mwenyeji huwafukuza, nao hulipiza kwa mitetea wenzao, wakiwapanda mapema hadi kuwanyofoa manyoya ya mgongo. Vificho na wavu havitasaidia hapa. Jogoo mmoja huwatosha makoo kumi, na katika ua mdogo mapora wa ziada hutengwa wanenepeshwe, huchinjwa au huuzwa kabla ya kufikia umri huo, mradi hakuna mgonjwa kati yao. Ukitaka kumbadilisha jogoo mzee kwa pora wa chotara, mtoe mzee kwanza, kisha umwache pora akae na makoo. Na ikiwa uzito wake ni maradufu ya ule wa makoo wako wa kienyeji, chagua mwingine mdogo zaidi, kwa sababu atawaumiza migongo na hakuna marekebisho ya banda yatakayozuia hilo.